Kijaluba Chenye Kifuniko Kilicholegea

Juzi tulimaliza khitma ya Bi Thuwaiba, na watu walipokuwa wakitafuta viatu vyao mlangoni, mwanawe Nassor alinivuta pembeni akaniuliza swali ambalo mama yake alilikwepa maisha yake yote. "Mize, wewe ulikuwamo ndani ya nyumba. Mama alikula nini siku ile?" Nassor sasa ni mzee kama mimi, ana nyumba yake Chukwani na wajukuu wanaompanda mgongoni, lakini aliniuliza kwa hamaki ile ile ya kijana niliyemjua. Nikamwambia anipe siku mbili, nitamwandikia, maana mimi mtu wa maneno mengi lakini hilo halinitoki mdomoni. Basi, Nassor, jawabu lako hili hapa. Mama yako alikula sumu, na aliyeiweka sumu ile mahali pa kuliwa ni mimi. Usiikunje karatasi. Soma mpaka mwisho, kisha unilaumu ukitaka. Nshazeeka, lawama za mtu mmoja zaidi hazitanivunja mgongo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nshafeli kemia mara moja. Masomo mengine yote nilipita, hata hesabu, lakini kemia ilinikalia. Chuo cha ualimu kilikubali kunichukua kwa sharti nirudie somo hilo moja, na nikianguka tena basi, nafasi apewe mwengine. Nikatoka Chwaka na begi moja, nikapelekwa kwa Bi Thuwaiba, aliyekuwa akiishi peke yake katika nyumba ya ghorofa mbili Mji Mkongwe, mumewe keshafariki, wewe ushaoa na kuhamia kwako. Hakutaka chochote kwangu. Alisema anataka tu kusikia mtu akitembea ndani ya nyumba. Yeye alikuwa Mwarabu wa mjini, kanga zake zikinukia udi hata siku ya kufua; mimi mtoto wa shamba, nguo zangu zote zikinuka mwani. Siku ya kwanza nilijikunyata sakafuni nikingoja kuonyeshwa jiko liko wapi. Akanitazama akasema, "Juu ya kiti, mwanangu. Hapo chini anakaa paka."

Chumba changu kilikuwa juu kabisa, dari ya boriti, ukuta mnene hata nikiweza kukaa dirishani miguu yote ndani na kusoma. Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa yenye iliki kwa mkate wa mofa, na Bi Thuwaiba alikuwa hali mpaka anione nimeuma tonge la kwanza. Mchana wali na mchuzi wa samaki, na yeye ndiye aliyepika, nami nikikuna nazi. Lakini nyumba ilichangamka alasiri, wanawake wa mtaani walipokuja kukaa kula tambuu. Mimi nilisomea kwenye ngazi, mlango nusu wazi, jicho kwenye kitabu na sikio kwao. Nilijua nani kaposwa, nani kaachwa, nani kapika biriani likageuka uji. Mpaka leo nikifundisha jedwali la elementi, baina ya safu na safu nasikia sauti ya mwanamke akisema, "Na mwenyewe hajui, masikini." Wengine huona mtu hasomi kama hakufungiwa kimya. Mimi nimefaulu katikati ya umbea, na namshukuru Mungu kwa umbea ule.

Tambuu ya Bi Thuwaiba ilikuwa na sifa mji mzima, na sifa yenyewe ilikuwa ya chokaa. Wengine walinunua iliyo tayari. Yeye alinunua mawe yaliyochomwa, akayatia katika chungu, akayamwagia maji, na chungu kikachemka pasi na moto. Kisha akaiacha wiki kadhaa, akibadilisha maji na kuikoroga, kwa sababu chokaa changa humchuna mtu ulimi. Ikikomaa aliitia katika vijaluba, vikopo vidogo vya shaba vyenye vifuniko. Jani, popoo, katu ule utomvu mkavu wa kahawia, tumbaku kwa anayeiweza, na mwisho chokaa kidogo kwa ncha ya kidole. Chokaa ndiyo inayoleta ukali, na ndiyo inayoyafanya mate yawe mekundu. Kijaluba kimoja kifuniko chake kilikuwa kimelegea, akanipa mimi nitilie pini za mtandio. Kikakaa juu ya meza yangu karibu na vitabu.

Mwalimu Haji alitufundisha sisi tuliofeli kila Jumamosi na Jumapili, katika maabara ya skuli moja iliyotuazima chumba. Alikuwa mkali, mfupi, shati limechomekwa, na hakumwita mtu mjinga hata siku moja. Alianza na metali za kundi la pili, zinazoitwa metali alkali za ardhi, akaziandika ubaoni kama watoto wa mama mmoja, mkubwa juu, kitinda mimba chini: berili, magnesiamu, kalsiamu, strontiamu, bariamu, radiamu. Akasema hawa hamna haja ya kuwaogopa, mmezaliwa juu ya kalsiamu, kuta mnazolala ndani yake ni kalsiamu, na bibi zenu wanaitia mdomoni kila alasiri. Wote wana elektroni mbili tu ukingoni, na wote wanataka kuzitoa. Lakini kila ukishuka, chembe inaongezeka duru moja ya elektroni, zile elektroni mbili zinakaa mbali zaidi na kiini, na kilicho mbali ni rahisi kuondoka. Kwa hivyo berili hana habari na maji hata uyachemshe. Magnesiamu mpaka apate mvuke. Kalsiamu katika maji baridi anatoa mapovu. Bariamu hangoji kubembelezwa.

Kisha akafika pale pale nilipoanguka mwaka uliopita. Hidroksidi zao, alisema, kadiri unavyoshuka ndivyo zinavyozidi kuyeyuka majini; salfeti zao ni kinyume, kadiri unavyoshuka ndivyo zinavyokataa. Salfeti ya magnesiamu ni haluli, ile chumvi ya kuendesha tumbo iliyomo katika kila nyumba Unguja, na inayeyuka kama sukari. Salfeti ya bariamu haiyeyuki, si kwa maji, si kwa asidi, ndiyo maana hospitali humnywesha mtu uji wake mweupe kabla ya kumpiga picha ya tumbo. Unaingia na kutoka kama ulivyo, mwili haupati kitu. Akainua chupa ya unga mweupe. "Lakini hii ni kloridi ya bariamu. Hii inayeyuka. Ukiila hii, tutakusomea khitma." Tukacheka. Akayeyusha kidogo, akatia maji ya haluli, na bomba la kioo likawa jeupe kama tui, kisha weupe ukazama chini ukakaa. Alimimina asidi, ukakaa. "Keshafungwa huyo," alisema. Siku ile ndipo kemia iliponiingia kichwani. Nilirudi nyumbani nikitembea haraka kama mtu aliyeokota kitu.

Wiki iliyofuata alituonyesha rangi za ndimi za moto: chumvi ya kalsiamu hutoa wekundu wa tofali, strontiamu wekundu wa komamanga, bariamu kijani. Tulikuwa thelathini na moto ni mmoja, mimi mfupi, wavulana warefu mbele. Nyekundu zote mbili nilizipata kwa kuchungulia kwapani mwa mtu, kijani sikukiona. Nikaambiwa kimeshapita. Nikakasirika kwa kweli. Watu wakitoka, mimi nikabaki nyuma nikijifanya nafunga kitabu, nikachota unga wa chupa ile kwa karatasi, nikaukunja, nikautia mfukoni. Nilijua ni sumu. Nilijua pia kwamba sikuomba. Jioni Bi Thuwaiba alipokwenda kwa jirani, niliwasha stovu lake lenye moto wa buluu, nikachovya ncha ya waya katika unga, nikaiweka motoni. Kijani kikapanda, kijani cha embe bichi, na mimi jikoni peke yangu nikapiga kigelegele. Unga uliobaki ulinitia choyo kuutupa. Nikamwaga pini mezani, nikautia unga katika kijaluba, nikafunika, nikasema nitarudia siku nyengine. Nassor, nimewafundisha watoto wa watu kemia maisha yangu yote, na somo la kwanza kila mwaka ni kuandika jina juu ya chombo. Wananiona nina wazimu wa karatasi na gundi. Hawajui.

Siku yenyewe ilikuwa Alkhamisi. Jirani alikuwa akimuoza mwanawe, na Bi Thuwaiba, kwa jinsi mkono wake ulivyokuwa mwepesi kutoa, alipeleka chano kizima cha tambuu na vijaluba vyake vyote vya chokaa, hakujibakishia hata kimoja. Mimi nilikuwa sokoni. Baada ya sala ya alasiri akatamani tambuu yake, akakumbuka kile kijaluba kilichokuwa chumbani kwangu, akapanda. Akafungua akaona kitu cheupe kimekauka. Alidhani nimemuonea haya kumuomba chokaa, nimechota kimyakimya, imenikaukia. Hayo aliniambia baadaye, tena kwa kucheka. Akatia tone la maji, akapaka jani. Akatafuna, akaona chokaa haiwashi. Akaongeza.

Niliporudi na kikapu nilimkuta amekaa kitini, mkono tumboni, jasho limemtoka. Akaniambia popoo limemlevya, midomo inamfanya ganzi, na tayari keshatapika mara moja na tumbo linamwendesha. Nikaingiwa na huruma lakini si hofu, maana popoo bichi hulevya kweli. Nikainama kuchukua kopo lake la kutemea nikalisafishe. Mate yaliyokuwamo hayakuwa mekundu. Yalikuwa rangi ya chai ya mkandaa, chai kavu isiyo maziwa, rangi ya katu tupu. Nikabaki nimelishika. Mtu kala tambuu, mate hayakuwa mekundu, basi alichopaka si chokaa. Nikapanda ngazi mbili mbili. Kijaluba kilikuwa wazi juu ya meza, na unga haukufika nusu ya ule nilioacha.

Nimeulizwa na wanafunzi kama mtu anaweza kufikiri akiwa na hofu kubwa. Mimi sikufikiri. Niliona tu lile bomba la Mwalimu Haji likigeuka tui. Bariamu na salfeti, keshafungwa. Nikashuka mpaka kabatini ambamo Bi Thuwaiba aliweka dawa zake, nikatoa pakiti ya haluli, ile tuliyokunywa sote wawili kabla ya Ramadhani, na juu yake jina la kidaktari limeandikwa: magnesiamu salfeti. Nikaikoroga katika gilasi ya maji, nikampelekea. Akainusa, akaitambua, akaisukuma.

"Tumbo lanikimbia hivi, wewe waniletea haluli? Una akili wewe?"

Nikambembeleza. Nikamwambia itamsaidia. Akakataa, na alikuwa na haki ya kukataa. Hakuna mwanamke mjini mwenye akili zake angekubali. Nikatafuta uongo wa kumfanya anywe, na mimi sikuwa mgeni wa uongo mdogo mdogo, lakini haukunijia hata mmoja. Nikapiga magoti.

"Bi, ulichokula si chokaa. Ni sumu ya maabara. Niliiiba mimi, nikaitia mle."

Alinitazama. Nimeogopa mara nyingi maishani, lakini hakuna macho niliyoyaogopa kama yale.

"Yaua?"

"Yaua, Bi."

"Na hii?"

"Itaifunga isiingie mwilini."

"Ushaona mtu akifungiwa?"

"Sijaona. Nimesomeshwa tu."

Akasema Bismillahi, akanywa yote, akanirejeshea gilasi. Mpaka leo siwezi kuandika sentensi hiyo nikabaki macho makavu. Mtu kaambiwa na mwizi wake mwenyewe kwamba kampa sumu, na kwa mkono ule ule akapokea gilasi ya pili. Nikapiga ukelele wa majirani. Wakaja, wakamkalisha kitini, wakambeba vichochoroni mpaka barabarani penye gari la kutupeleka hospitali, mimi nyuma na kijaluba mkononi nimekifunga kwa kanga. Mikono yake ilikuwa imeanza kulegea, hata kichwa kikimwelemea, na moyo, daktari alisema, ulikuwa ukipiga ovyo. Nikampa daktari kijaluba na nikamwambia kila kitu, faragha, nikilia. Walimtia maji ya mshipa na madawa yao usiku kucha. Asubuhi daktari akanitafuta akaniambia gilasi ile ndiyo iliyomuweka hai. Hakunisifu. Aliongeza kwamba kama ningekuwa mwanawe angenichapa.

Wewe ulifika asubuhi hiyo, Nassor, na unakumbuka ulivyokuja juu. Uliuliza kala nini, nani kampikia. Mama yako, sauti haijamtoka vizuri, alisema ni popoo bovu. Ukamgeukia daktari, naye akakwambia umuulize mgonjwa mwenyewe. Nilijua baadaye kwamba alikuwa keshamuomba daktari: maradhi ni yake, na siri iwe yake. Mimi nilikaa koridoni. Siku ya tatu shangazi zako wawili wakasimama karibu na mlango, wakidhani nimekwenda kuteka maji, na mmoja akamwambia mwenzake kwamba huwezi kumtia ndani mtoto wa shamba usiyemjua chimbuko lake ukategemea usalama. Hawakujua lolote, walikuwa wakikisia. Lakini walikisia sawa. Nikarudi nyumbani, nikafua mashuka ya Bi Thuwaiba, nikayakunja, nikaweka ufunguo kwa jirani, nikaondoka kwenda Chwaka. Vitabu nikaviacha. Nilikata shauri kwamba mtu aliyefanya nililofanya hafai kumfundisha mtoto wa mwenziwe chochote.

Kwetu nikasema nimechoka kusoma. Hakuna aliyeamini. Mama alinihoji siku ya kwanza kwa upole na siku ya pili kwa ukali. Siku ya tatu maneno yakaanza kuzunguka: kaiba, kafukuzwa, wengine wakanitazama tumbo. Nilikwenda pwani na wenzangu kufunga mwani kwenye kamba, maji magotini, na nilipofika waliokuwa wakizungumza walinyamaza. Mama akaacha kwenda kwenye shughuli za watu. Alikuwa na jina lake pale kijijini, la mwanamke ambaye watoto wake hawajamtia aibu, na mimi nilikuwa nalimaliza kila siku ninyamazapo. Kuisema kweli yenyewe sikuweza, na kukaa kimya kulikuwa kunamuua yeye. Mtihani ulikuwa umebakia wiki mbili.

Bi Thuwaiba akaja siku ya kumi, kwa gari ya kukodi, peke yake. Alikuwa hajapata nguvu. Alishuka akashikilia mlango, akapumzika, ndipo akapiga hodi. Mwanamke yule alikuwa hatoki mjini hata kwa mazishi ya mbali. Nilimuona kutoka uani, nikataka kukimbia. Mama akamtandikia mkeka mpya, majirani wakaanza kuingia mmoja mmoja, huyu anaomba chumvi, huyu anatafuta kuku wake, kwa sababu hilo gari kila mtu kaliona. Nikaitwa. Nikamwamkia shikamoo bila ya kuinua uso, akaitika marahaba. Nikajua sasa litasemwa, tena mbele ya watu, na nikaona ni haki.

Mama ndiye aliyeanza. Alimwambia, "Bi, kama mwanangu kakukosea, nakuomba uniambie mimi."

Bi Thuwaiba aliwatazama wote waliokuwamo, mpaka yule wa kuku. Akasema taratibu, wote wasikie, "Mwanao hajanikosea hata siku moja. Mimi ndiye niliyemkosea. Nilipougua nilikuwa na hasira za maradhi, nikamsema maneno mazito mbele za watu, maneno asiyostahiki, akaona haya, akaondoka. Nimekuja kumtaka radhi nirudi naye, akafanye mtihani wake."

Hakunisema hata neno moja, Nassor. Mama yako alikuwa mtu wa kusali usiku, mtu ambaye hata mgeni asiyemtaka hakumdanganya kwamba hayupo. Pale alisema uongo mzima, hadharani, akajivika kosa, yeye bibi wa mjini, mbele ya watu wa shamba ambao wangelikumbuka mpaka wafe. Kisha akanigeukia, akanishika mkono kwa mkono wake ambao ulikuwa bado hauna nguvu ya kushika.

"Niwie radhi, mwanangu."

Watu wote wakanitazama, wakingoja. Nikifumbua mdomo kusema sivyo, nimemfanya muongo na nimemrudishia mama yangu aibu yake. Lilikuwapo neno moja tu la kusema, na kila siku tangu siku ile naona lilikuwa lake kuniambia mimi. Nikamwangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu ile gilasi, nikasema, "Nshakusamehe, Bi."